Lori la mbele halipishi, na barafu inayeyuka

Na Mwandishi Maalumu, Nchelenge

KAMA kuna kitu kinachomnyima raha mchuuzi wa samaki wa Kashikishi kuliko bei ya barafu, basi ni lori lililo mbele ya gari alilopanda. Bei ya barafu unaweza kuijadili. Lori halijadiliki. Dereva wake amekaa katikati ya lami kama mtu aliyenunua barabara, mwendo wake ni wa bibi harusi, na nyuma yake wamejipanga Canter tatu, basi moja na gari dogo la mtumishi wa serikali, wote wakichungulia kwa zamu kuona kama kona imekwisha.

Wasomaji wenzangu mnaovuka ziwa kutoka Kilwa na Pweto adha hii mnaijua. Kwa asiyeijua sehemu hii, Nchelenge na Kashikishi ni miji miwili iliyoungana kwenye ufuko wa mashariki wa Ziwa Mweru, katika mkoa wa Luapula, kaskazini mwa Zambia. Nchelenge ndiko ziliko ofisi za wilaya, Kashikishi ndiko liliko soko. Ng'ambo ni Congo. Kutoka hapo kwenda Mansa, makao makuu ya mkoa, tegemeo ni barabara ya lami inayofuata bonde la mto Luapula kupitia Mwansabombwe na Mwense. Kila kitu kinapita hapo: samaki wabichi aina ya pale, chisense waliokaushwa na kufungwa kwenye viroba, mihogo mikavu, saruji, mafuta ya kupikia, wagonjwa, na sisi wenye mabalo ya vitenge. Njia moja ya kwenda na moja ya kurudi, basi.

Wenzetu wa miji mikubwa wana malalamiko ya namna hiyo hiyo, ila yao ni ya kitajiri kidogo. Nairobi walifunguliwa barabara kuu ya Thika mwaka 2012, yapata kilometa 50, yenye njia hadi nane. Dar es Salaam wana barabara ya Kimara hadi Kibaha, kilometa 19.2, nayo ya njia nane. Huko kilio ni kwamba mtu anakwenda kilometa 50 kwa saa katika njia ya kulia kabisa, ile ya kupitia wengine, na hahami hata ukimmulika taa mpaka betri ife. Uingereza waliona tatizo hilo ni kubwa kiasi kwamba tangu Agosti 2013 polisi wanaweza kumtoza dereva wa namna hiyo faini ya pauni 100 na pointi tatu kwenye leseni, papo hapo, bila kumpeleka mahakamani. Jimbo la Georgia kule Marekani lilipitisha sheria yake mwaka 2014. Ujerumani, ambako ndugu zetu wengine wamefika na kupata leseni, kukaa njia ya nje na kuiacha njia ya kupitia ni jambo linalofundishwa siku ya kwanza.

Sisi wa ziwani hatuna njia ya kugombea. Njia yetu ya kupitia ni ya mtu mwingine, yule anayekuja. Kila unapotaka kulipita lori unaazima barabara ya mwenzako kwa sekunde chache, na mwenye mali hajaulizwa. Ndiyo maana dereva anayeziba njia hapa si msumbufu tu kama yule wa Thika. Anaweza kusababisha msiba akiwa hajagusa gari la mtu, na akafika kwake salama bila kujua kilichotokea nyuma.

Hesabu ya sekunde kumi na moja

Mimi ni mwalimu, na hesabu hii huwa nawapa wanafunzi wangu ubaoni. Lori linakwenda kilometa 60 kwa saa. Nyuma yake kuna gari lenye kasi ya 80. Ili gari lipite na kurudi kushoto bila kulikwangua lori, linahitaji kulizidi lori kwa takriban meta 60, ukijumlisha urefu wa lori, urefu wa gari lenyewe na nafasi ya mbele na nyuma. Tofauti ya mwendo wao ni kilometa 20 kwa saa, yaani kama meta tano na nusu kwa sekunde. Kwa hiyo gari litakaa upande usio wake kwa sekunde kumi na moja hivi. Katika sekunde hizo litakuwa limekwenda meta 240. Lakini anayekuja kutoka mbele naye hajasimama. Kama mwendo wake ni 80, naye amekula meta 240. Jumla barabara lazima iwe tupu kwa karibu nusu kilometa.

Nusu kilometa iliyonyooka, bila kona, bila kilima, bila baiskeli, bila mbuzi. Wanaoijua barabara ya Mwense wahesabu wenyewe ziko ngapi.

Sasa badilisha namba moja tu. Dereva wa lori, akimwona mwenzake ametoka kupita, ainue mguu na kushuka hadi kilometa 40. Muda wa kupita unakuwa nusu, sekunde tano na kidogo, na barabara tupu inayohitajika inashuka hadi meta 240. Kisha fanya kinyume chake. Dereva wa lori akasirike kwamba kijana wa Canter anataka kumpita, akanyage hadi 70. Muda unapanda hadi sekunde ishirini na moja na zaidi, na barabara tupu inayohitajika inakaribia kilometa nzima. Kijana wa Canter yuko pembeni yake, mbele taa zinakuja, hawezi kusonga wala kurudi kwa sababu nafasi aliyoiacha nyuma ya lori imeshazibwa na basi.

Wanafunzi huuliza: kwa nini mtu akanyage wakati anapitwa? Jibu la ubaoni sina. Jibu la barabarani ni kwamba baadhi ya wanaume huona kupitwa ni kudharauliwa, na usukani haujawahi kumtoa mtu ujinga.

Taratibu ya haki na taratibu ya kiburi

Niseme wazi kwamba siwatetei wenye haraka wote. Nimepanda magari ya samaki ambayo dereva wake alipaswa kuwa rubani. Na mwendo wa polepole si kosa. Bonde la Luapula limejaa vijiji vilivyojipanga kandokando ya barabara kama shanga kwenye uzi, kimoja kinaishia kingine kinapoanzia, shule iko hapa, kisima kiko pale ng'ambo ya lami, na mtoto hutumwa maji mara nne kwa siku. Baiskeli ni nyingi kuliko magari. Kuna mwenye gunia la mkaa, mwenye kapu la samaki lililopanuka kuliko mabega yake, baba aliyempakia mkewe na mwana, na wakimbizi wa makazi ya Mantapala, yaliyofunguliwa mwaka 2018 baada ya wimbi la watu waliokimbia Katanga na Tanganyika mwaka 2017, wanaokuja kuuza mboga na kununua sabuni. Dereva anayepunguza mwendo mahali kama hapo anastahili kushukuriwa, hata kama nyuma yake wamepanga foleni watu ishirini na barafu yao.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2021 watu milioni 1.19 walikufa kwa ajali za barabarani duniani, na zaidi ya nusu yao ni watembea kwa miguu, wapanda baiskeli na wapanda pikipiki. Kwa lugha ya Kashikishi, wengi wa wanaokufa hawakuwa na haraka yoyote. Walikuwa pembeni.

Lakini kuna wapole wa aina nyingine. Yuko aliyepakia saruji kupita uwezo wa gari, na kila kilima kwake ni Kilimanjaro. Yuko mwenye matairi yaliyokwisha hadi nyuzi zinaonekana, anaogopa kwenda kasi, na ana haki ya kuogopa, ila pa kulimalizia tatizo lake ni gereji, si barabarani. Yuko anayebana mafuta kwa kuachia gari lijiendee lenyewe kwenye mteremko. Na yuko yule ninayemwona mbaya kuliko wote, ambaye gari lake ni zima, mzigo ni mwepesi, barabara ni nzuri, lakini anazungumza na simu au na mtu aliyekaa naye mbele, na magurudumu ya kulia yako juu ya mstari wa katikati.

Wanaojitetea kwa kukaa katikati huwa na hoja moja ya kweli. Kingo za lami zimeliwa na mvua, na mahali pengine ukienda kushoto sana gurudumu linadondoka kwenye changarawe. Lori lililojaa likidondoka hivyo linaweza kulala. Hoja hiyo naikubali pale kingo zilipoliwa. Siikubali katika kilometa zote zilizobaki ambako lami ni nzima mpaka majanini na bwana bado yuko katikati.

Mkataba wa Vienna wa mwaka 1968 kuhusu usafiri wa barabarani, ambao Congo iliingia wakati ikiitwa Zaire, unamkataza dereva kuzuia mwendo wa kawaida wa wengine kwa kwenda polepole kupita kiasi bila sababu ya maana. Maneno ya mwisho ndiyo yenye uzito. Kilima, mtoto, ng'ombe na shimo ni sababu ya maana. Maongezi si sababu.

Indiketa inayosema lugha mbili

Madereva wa malori ya safari ndefu wana lugha yao ya taa, na ni lugha nzuri. Katika barabara za Zambia na Tanzania, lori likiona mbele kumekuwa tupu huwasha indiketa ya kushoto: nimejibana, pita. Likiwasha ya kulia: tulia, kuna gari linakuja. Ukishapita unamshukuru kwa honi fupi. Adabu hii imewaokoa wengi kuliko mabango yote.

Shida ni kwamba lugha hii haimo kwenye kitabu cha sheria. Katika kitabu, indiketa ya kulia ina maana moja tu, kwamba mwenye gari anataka kwenda kulia. Kwa hiyo unapoona lori limewasha kulia karibu na gulio, hujui kama linakuonya au linakata kona kwenda kushusha viroba. Ukisubiri hupotezi kitu. Anayelia ni yule anayeona indiketa ya kushoto, anaamini amepewa ruhusa, kumbe utingo ameomba kushuka na dereva hakutazama mbele hata kidogo.

Kwetu sisi wa mpakani jambo linazidi kuchanganya, kwa sababu Zambia wanaendesha kushoto na Congo tunaendesha kulia. Ukigeuza upande wa barabara unageuza na lugha ya taa. Kwa anayeendesha kulia, kumpita mwenzake ni kwa kushoto. Kwa hiyo indiketa ya kulia ndiyo inayosema nimejibana, na ya kushoto ndiyo inayosema ngoja. Dereva aliyekulia Lubumbashi akiwa ndani ya Zambia, usiku, amechoka, akiona taa ya kulia ya lori inawaka anaweza kusoma pita mahali palipoandikwa kifo.

Na wengi wetu tunavuka pande hizo mara mbili katika safari moja. Anayetoka Kashikishi na samaki kwenda miji ya Copperbelt kwa njia fupi anapita Mansa, anavuka Luapula pale Chembe kwenye daraja la Levy Mwanawasa lililofunguliwa mwaka 2008, kisha anaingia ardhi ya Congo kwa takriban kilometa 70 za barabara ya Pedicle, halafu anatokea Mokambo na kurudi Zambia upande wa Mufulira. Kabla ya daraja tulikuwa tukingoja pantoni, na wenye samaki walikuwa wakilala kando ya mto. Daraja limeondoa usiku ule. Halikuondoa ile kazi ya kubadili upande wa barabara: kushoto hadi Chembe, kulia hadi Mokambo, kushoto tena.

Kuna jambo jingine ambalo wageni hawalioni mpaka walikalie. Magari mengi ya upande wetu wa Katanga yana usukani kulia, kwa sababu yametoka Japani. Weka gari la namna hiyo kwenye barabara ambayo watu wanakwenda kulia. Dereva yuko upande wa majani. Mbele yake kuna lori. Kuchungulia njia ya kupitia hawezi, kwa sababu njia hiyo iko upande wa pili wa gari, mbali na macho yake. Ili aone ni lazima atoe nusu ya gari barabarani. Ndipo abiria wa kiti cha mbele kushoto anapogeuka kuwa macho ya dereva.

Kiti hicho nimekikalia zaidi ya mara moja. Dereva, kijana ambaye angeweza kuwa mwanafunzi wangu, anauliza bila kugeuza shingo:

"Mwalimu, njia iko?"

"Bado, mwanangu. Gari moja linakuja."

"Na sasa?"

"Bado."

Nyuma mama mwenye samaki anasema kwa sauti ya chini kwamba mwalimu ni mwoga, barafu yake inakwisha. Nakiri ni kweli kwamba barafu ilikuwa inakwisha. Maji yalikuwa yanachuruzika sakafuni hadi kwenye viatu vyetu. Lakini nani amempa mwalimu wa shule ya msingi leseni ya kuamua maisha ya watu kumi na wanane? Mtu aliyelipa nauli ili apumzike anajikuta ni rubani msaidizi.

Tazama kulia, tazama kushoto

Mimi ni mtu wa Pweto. Desemba 2000 mji ulipotekwa tulivuka kuingia Zambia na kufikishwa kambi ya Kala, wilaya ya Kawambwa, na huko ndiko nilikomalizia sekondari. Nalitaja hili kwa sababu moja tu, nayo inahusu barabara. Watoto wa kambini tulifundishwa kuvuka kwa mtindo wa Zambia: tazama kulia, tazama kushoto, tazama kulia tena, vuka. Mahali magari yanapokwenda kushoto, gari la kwanza kukufikia linatoka kulia. Shingo ikazoea.

Kuanzia mwaka 2007 misafara ya kurudi ilipoanza, na hadi kambi za Kala na Mwange zilipofungwa mwaka 2010, maelfu ya watoto waliozaliwa au kukulia kule walirudi Congo na shingo zao za Zambia. Kwetu gari la kwanza linatoka kushoto. Nimewaona kwa macho yangu watoto wa marejeo wakisimama vizuri kando ya njia, wakatazama kulia kwa makini kama walivyofundishwa, wakakanyaga barabara, na pikipiki inatokea kushoto. Mpaka leo kila mwanzo wa mwaka huwa nawapanga nje, wa Congo na waliokuja kutoka Zambia, na tunageuza shingo kwa pamoja. Sasa mambo yamekuwa ya pande mbili, maana waliokimbia mwaka 2017 wengine wako Mantapala bado, na watoto wao hujifunza ile ya kule.

Misafara ile ya UNHCR, kwa jambo hili la mwendo, ilikuwa shule. Lori bovu kuliko yote ndilo lililopanga kasi, na hakuna aliyeruhusiwa kumpita mwenzake. Vumbi lilitufunika. Wenye haraka wa njiani walitupita mmoja mmoja wakipiga honi, na magari ya msafara yaliacha nafasi katikati ili anayepita apate pa kuingia. Hilo la kuacha nafasi ni jambo dogo, na malori ya biashara hayalifanyi. Yanakwenda matatu manne yameshikana mkia na kichwa, hivyo anayetaka kupita lazima ayapite yote kwa pumzi moja. Rudia ile hesabu ya ubaoni kwa malori manne uone.

Wazee wa Nchelenge watakukumbusha kwamba malori mazito si mageni hapa. Miaka ya 2000 shaba na fedha ya mgodi wa Dikulushi, kaskazini mwa Kilwa, ilivushwa ziwa kwa pantoni na kupakiwa kwenye malori Nchelenge kwenda kusini. Kilwa yenyewe iliingia katika habari za dunia Oktoba 2004 kwa sababu ya mauaji, na wengi waliokimbia walitua ufuko huu huu. Kwa hiyo barabara hii ilikuwa imebeba mawe ya Congo na watu wa Congo kwa wakati mmoja, na mawe ndiyo yaliyokuwa na magari mazuri.

Haraka inatoka wapi

Nimejiuliza kwa nini hasira ya barabara hii ni kali hivyo. Ukipiga hesabu, lori la kilometa 60 likikuziba kwa kilometa 100, na wewe ungeweza kwenda 80, umepoteza dakika 25. Ni nyingi, lakini samaki aliyefungwa vizuri haozi kwa dakika 25. Likikuziba kwa 40, umepoteza saa moja na robo, na hapo mazungumzo yanabadilika. Hata hivyo saa nyingi zaidi zimepotea kabla gari halijang'oa nanga. Boti imechelewa ziwani kwa upepo. Kondakta anasubiri abiria wa mwisho, ambaye akipatikana anatafutwa mwingine wa mwisho. Mtu wa barafu amekwenda kula. Kisha kuna vizuizi vya njiani, kila kimoja na maswali yake. Dereva anapofika nyuma ya lori tayari ana deni la saa tatu, na lori ndilo la kwanza kumdai lililo mbele ya macho yake.

Mwisho wa mwaka 2016 serikali ya Zambia ilitoa kanuni ya kuzuia mabasi ya abiria kusafiri kati ya saa 3 usiku na saa 11 alfajiri. Sababu ilikuwa ajali, na sababu hiyo siwezi kuibishia. Februari 2013 basi na lori viligongana Chibombo, kwenye barabara kuu ya kaskazini ya Lusaka, wakafa watu wapatao 50. Lakini kwa wachuuzi wa ziwani kanuni ile iliiweka saa 3 usiku mbele ya dereva kama ukuta. Kila lori la polepole mchana likawa mwizi wa saa za mwisho za jioni, na jioni, jua likiwa usoni na baiskeli zikirudi nyumbani bila taa, ndio wakati mbaya kuliko wote wa kubahatisha kupita.

Serikali ya Zambia ilizindua mwaka 2023 ujenzi wa kupanua barabara ya Lusaka hadi Ndola, kilometa 327, iwe ya njia mbili kila upande. Ni habari njema kwa anayefika huko. Kwa barabara ya ziwani sioni sababu ya kuomba makubwa hivyo, magari hayatoshi. Kinachofaa huku ni cha bei nafuu. Penye vilima virefu iongezwe njia fupi ya tatu, meta mia chache tu, lori lijisogeze huko na foleni ipite. Kingo za lami zizibwe kabla ya masika, si baada. Na kwenye mizani, pamoja na kupima uzito, mtu atazame matairi. Lori lililopunguzwa gunia ishirini hupanda kilima kwa heshima zake.

Kwa wenye mizigo, nina shauri la kibiashara. Kuanzia tarehe 1 Desemba hadi mwisho wa Februari uvuvi unafungwa Luapula ili samaki wazaliane, na barabara inapoa. Machi inapoingia, boti zote zinatoka, na wiki ile ya kwanza magari ya samaki yanaondoka Kashikishi kama nyuki waliochokozwa, yakikutana na malori yanayoleta bidhaa za msimu. Mwezi wa Julai, siku za sherehe ya Mutomboko ya Mwata Kazembe pale Mwansabombwe, ni vivyo hivyo, ila siku hizo waendao kwa miguu nao wamejaa barabarani. Mwenye samaki hana hiari, lazima aende. Mwenye vitenge, viatu au masufuria anaweza kungoja siku nne tano, apande gari la asubuhi, na akipewa kiti cha mbele aulize kwanza usukani uko upande gani.